Walioichimbia Nintendo Kaburi

Mwaka 2006 wajuzi wengi wa biashara ya gemu walishaichimbia Nintendo kaburi. Mashine yake ya GameCube iliuzwa takriban milioni 22 tu, ilhali PlayStation 2 ya Sony ilishapita milioni 100. Ushauri waliotoa ni kwamba kampuni hiyo ya Kyoto iache kuunda mashine, itengeneze gemu za kuchezwa kwenye mashine za wengine, kama Sega ilivyosalimu amri mwaka 2001. Ilipotangaza mashine mpya iitwayo Wii, hata jina lilichekwa.

Wajuzi hao hawakuwa wajinga. Wii kweli ilikuwa dhaifu: haikutoa picha za kiwango cha HD, na nguvu yake haikuizidi sana GameCube. Walichokosea ni mizani. Walipima nguvu ya prosesa na ukali wa picha, kwa kuwa ndivyo vitu ambavyo kampuni zilizoea kuvitumia kushindania wachezaji walewale. Yule ambaye hajawahi kushika padi ya kuchezea gemu hawakumuuliza kinachomzuia.

Satoru Iwata, mkuu wa Nintendo, alimfikiria huyo. Padi za siku hizo zilijaa vitufe vya kumtisha mgeni. Wii ikaja na kitu mfano wa rimoti ya televisheni, unachokishika kwa mkono mmoja, ndani yake mna kifaa kinachohisi mkono unavyokwenda. Ukitaka kupiga mpira wa tenisi, unapunga mkono kama mwenye raketi, basi. Huko Marekani wazee kwenye nyumba za kulelea wazee wakawa wanashindana boling sebuleni. Bei nayo ilikuwa dola 250, wakati PlayStation 3 ilianzia 500. Wii ziliuzwa zaidi ya milioni 100. Washindani wake, Sony na Microsoft, walileta vifaa vyao vya kuhisi mwendo mwaka 2010, miaka minne baadaye.

Kwa hiyo wewe mwenye duka au kampuni, unapomwona mshindani kaanguka, usishangilie upesi. Jiulize ni wateja gani ambao wewe na yeye hamjawahi kuwafikia, maana huenda yeye ndiko anakoelekea. Kuanguka kwake ni habari ya jana. Hakukwambii anachounda leo.

Utabiri ulirudi. Wii U ya mwaka 2012 haikufikisha hata milioni 14, na safari hii simu ndizo zilizosemwa zitaizika Nintendo. Januari 2014 Iwata alijikata nusu ya mshahara kwa miezi kadhaa, lakini kuunda mashine hakuacha. Alifariki Julai 2015. Machi 2017 ikatoka Switch, ya kuchezea kwenye televisheni na vilevile mkononi ukiwa safarini, na mauzo yake yamepita milioni 150. Mwaka 2022 kampuni ya Valve ikatoa mashine ya mkononi yenye umbo kama hilo, na kampuni ya Asus ikafuata mwaka uliofuata.