Nani Anayesubiri Mbavu Ziive?

Methali tuliyokaririshwa tangu darasa la kwanza inasema mvumilivu hula mbivu. Kwa miaka mingi sikuwa na ugomvi nayo. Nilianza kuitilia shaka nilipokuja kusoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, ambako tunafundishwa kuiuliza kila kauli maswali ya kichokozi: nani anatenda, nani anatendewa, nani anafaidika. Methali hii ina mtu mmoja tu. Aliyevumilia ndiye anayekula. Katika majiko mengi ninayoyafahamu Bariadi na vijiji vyake, watu ni wawili. Mmoja huvumilia, mwingine hula mbivu.

Swali langu ni dogo na limekaa ndani ya sufuria. Mbavu za ng'ombe zinapolainika baada ya saa sita au saba motoni, zile saa ni za nani? Na kikipatikana chombo cha kuzibeba saa hizo badala ya mtu, je, chakula kimepungukiwa na kitu?

Tuanze na nyama yenyewe, kwa sababu ndiyo inayodai muda. Ng'ombe wa Usukumani ni mfupi, mwenye nundu, mzoefu wa kutembea mbali kutafuta malisho na maji wakati wa kiangazi. Kama ni maksai, huenda amevuta jembe kwenye mashamba ya pamba na mahindi misimu kadhaa kabla ya kufikishwa mnadani. Misuli iliyofanya kazi namna hiyo imefungwa na nyuzi ngumu za protini iitwayo kolajeni, na kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo nyuzi hizo zinavyozidi kushikamana. Mbavu zimejaa utando wa aina hiyo kati ya nyama na mfupa. Ndiyo maana mwenye haraka akifika buchani huomba steki, na anayebeba mbavu anajua amejitwisha kazi.

Kolajeni hailazimishwi. Ikikaa muda mrefu kwenye unyevu na joto la kuanzia nyuzi 70 hivi kwenda juu, huyeyuka polepole ikawa jelatini, ule ute unaofanya mchuzi unate midomoni na nyama iachane na mfupa bila kuvutwa. Hapa kuna jambo ambalo wasichana wengi tunaokabidhiwa jiko hatuambiwi: maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi ya yale yanayochemka kwa utulivu. Kwenye sufuria ya kawaida joto hufika kiwango cha kuchemka likasimama hapo. Kuni za ziada zinaongeza mvuke na moshi tu. Njia za mkato zipo. Magadi yanasaidia. Papai bichi nalo lina kimeng'enya kinachokata protini na hulainisha kweli, ila likizidi nyama hugeuka ujiuji kwa nje. Hakuna kati ya hivyo kinachofanya kazi yote ya muda.

Kwa hiyo subira ya kwanza ni ya nyama. Ni kanuni ya maumbile, haina maadili ndani yake. Maadili yanaanzia pale tunapoamua nani akae karibu na moto wakati kanuni hiyo inatimia.

Nyumbani kwetu mbavu zilipikwa Jumapili au akija mgeni. Zilibandikwa asubuhi juu ya mafiga, nyuma ya nyumba, na mama aliniachia maagizo: moto usife, usiwake sana, ukiongeza maji yawe ya moto. Zilikuwa saa zisizokuwa kazi wala mapumziko. Nisingeweza kwenda mbali, na kusoma mbele ya moshi ni kujitesa. Kaka zangu walikuwa na Jumapili yao; mimi nilikuwa na moto wangu. Chakula kikishaiva wageni walitoa sifa mbili: nyama ni laini, na binti ana subira. Sifa ya kwanza ilikuwa ya kweli. Ya pili inahitaji kuchunguzwa.

Aristotle, katika maandishi yake juu ya maadili, anasema tendo jema halihesabiwi kuwa la fadhila kwa sura yake peke yake. Mtendaji awe anajua anachofanya, awe amelichagua tendo lenyewe kwa ajili yake, na alifanye kutokana na tabia iliyokwisha kukomaa ndani yake. Nikipima Jumapili zile kwa kipimo hicho, najua kwamba mimi sikuchagua. Nilitumwa. Nilichokuwa nacho kilikuwa utii, na utii una thamani yake, lakini ni kitu kingine. Kumwita mvumilivu mtu ambaye hakupewa nafasi ya kukataa ni kumpa jina zuri ili asidai kupumzishwa.

Wasukuma wenyewe wana namna mbili za moto, na tofauti yake inafundisha. Upo shikome, moto wa jioni nje ya nyumba, ambapo wazee wa kiume walikaa na vijana wao wakazungumza, wakafundishana historia ya ukoo, ng'ombe na adabu. Chakula kililetwa hapo kikiwa tayari. Na upo moto wa jikoni. Wote wawili ni moto wa kusubiri, lakini kwenye shikome kusubiri kulikuwa mazungumzo, na kwenye mafiga kulikuwa zamu isiyo na wa kupokezana. Tunapokumbuka kwa huzuni kwamba moto unatoweka katika nyumba zetu, ni haki tuulize tunaukumbuka moto upi.

Upo pia mfano wa subira iliyogawanywa vizuri, nao ni wa hapa hapa. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani yakue na mifugo iokoke kiangazi. Mwenye ng'ombe huona majani mabichi na hupita pembeni. Wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga, kabla mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012, ardhi ilikuwa imechakaa kwa miongo ya kukata miti: vichaka vilifyekwa kupambana na mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, kuni zikaendelea kutafutwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulirudi kwenye ngitili badala ya kuleta kitu kigeni kabisa, na sehemu kubwa ya miti ikarejea. Subira hiyo ilifaulu kwa sababu ilikuwa na sheria, na sheria ilimbana mwenye ng'ombe wengi kama ilivyombana mwenye wachache. Waliosubiri walikula pamoja. Methali yetu ingepaswa kupimwa hivyo.

Sasa nije kwenye chombo. Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Bariadi. Mwaka juzi alinunua kwa mtu chungu cha umeme cha kupikia polepole, kilichotumika, chenye bakuli zito la udongo na kifuniko cha kioo. Usiku anazikata mbavu na kuzipaka chumvi, tangawizi na kitunguu swaumu. Alfajiri anazikaanga kidogo zipate rangi, anazipanga juu ya vitunguu na nyanya, anaweka maji kikombe kimoja tu kwa kuwa mvuke hautoroki, anawasha kwenye moto mdogo na kwenda kazini. Vyungu vingi vya aina hii hutumia wati 200 hadi 300 hivi, kwa hiyo saa saba hazizidi sana uniti mbili za LUKU. Sharti ni kutofunua kila mara, maana kila ukifunua joto linakimbia. Akirudi alasiri mfupa unatoka peke yake.

Chombo hiki hakifai kwa kila kitu. Maharage mekundu hayapaswi kupikwa humo yakiwa mabichi, kwa sababu yana sumu inayoharibiwa na mchemko wa nguvu wa dakika kumi au zaidi, na joto la chini huiacha ikifanya kazi. Umeme nao ukikatika kwa saa nyingi, nyama iliyobaki vuguvugu ni hatari. Kama kuna mtu nyumbani, ihamishiwe jiko la mkaa mara moja.

Historia ya chombo hiki ilinishangaza. Aliyekibuni ni Irving Naxon wa Chicago, aliyepata hataza yake mwaka 1940. Kilikuja kupata umaarufu Marekani kuanzia mwaka 1971, kilipouzwa kwa jina la Crock-Pot. Naxon alieleza kwamba wazo lilitokana na simulizi za mama yake juu ya maisha ya Wayahudi wa Lithuania. Ijumaa, kabla jua halijazama, familia zilipeleka vyungu vya nyama na maharage kwa mwoka mikate, vikaachwa kwenye joto la tanuri usiku kucha, maana siku ya Sabato haikuruhusiwa kuwasha moto wala kupika. Sheria hiyo ya mapumziko, kama ilivyo katika Kumbukumbu la Torati, inawataja mwana na binti, watumishi, na hata ng'ombe na punda. Haikutosha baba wa nyumba kupumzika. Chungu kilichosubiri peke yake kilizaliwa na imani kwamba kila mtu, pamoja na anayepika, anastahili siku ambayo hasubiri kwa niaba ya mwingine. Tunapokiita chombo cha wavivu, tunasahau kilitoka kwenye amri.

Shangazi yangu hakubaliani nami. Alizila mbavu za dada, akazisifu, kisha akasema, "Mwanangu, chakula kisichoangaliwa hakina mwenyewe." Sikumjibu haraka, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu ana hoja. Anayekaa na moto hujifunza. Anajua kwa harufu kwamba kitunguu kinakaribia kuungua, na kwa mlio wa sufuria kwamba maji yamepungua. Ujuzi huo hauandikiki kwenye karatasi, na binti asiyewahi kuupata amenyimwa kitu. Zaidi ya hapo, kumwangalia mtu au kitu kwa muda mrefu ni aina ya upendo.

Lakini nikiitazama hoja yake kwa makini, kinachompa shangazi furaha ni uangalifu na kampani. Kufungwa kwenye mafiga hakumo. Uangalifu wa dada upo, ila umehamia kwenye usiku wa kuandaa na alfajiri ya kukaanga. Na kama moto wa kuni una elimu ambayo hatutaki ipotee, basi ni elimu ya nyumba nzima. Wavulana nao wakalishwe hapo. Jambo linaloitwa urithi lakini linalobebwa na jinsia moja tu bado halijawa urithi wa ukoo.

Nina wasiwasi mwingine ambao shangazi hakuutaja. Mwaka 1983 mwanahistoria Mmarekani Ruth Schwartz Cowan alichapisha kitabu kuhusu vyombo vya nyumbani, akionyesha kwamba mashine nyingi zilizoahidi kumpunguzia mama kazi ziliondoa zaidi kazi za wanaume na watoto, huku viwango vya usafi na mapishi vikipanda na saa za mama zikibaki karibu pale pale. Naiona hatari hiyo Bariadi. Saa ambazo chungu kilimrudishia dada yangu ziliingiwa haraka na nguo za kufua na wageni walioambiwa kwamba sasa kwake kupika ni rahisi. Serikali imezindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwisho wake. Nauunga mkono, kwa ajili ya mapafu yetu na miti ya Simiyu. Ila mkakati unaweza kubadilisha jiko bila kubadilisha orodha ya nani anaamka mapema. Chombo hurudisha saa. Hakiamui zinakwenda kwa nani.

Uamuzi huo ni wetu, na si mgumu kama tunavyoufanya. Nyumbani kwa dada tumekubaliana mambo mawili, baada ya mabishano marefu na shemeji. Siku ya chungu cha umeme, alasiri ya dada ni yake. Hakuna anayempangia cha kufanya nayo. Siku ya kuni, ambayo bado tunaipenda kwa ladha ya moshi, zamu inapita kwa kila aliye mkubwa wa kutosha kushika kijiti, shemeji akiwemo, na aliyekaa na moto ndiye anayepakuliwa kwanza na kuchagua ubavu autakao.

Shangazi alikuja siku moja ya kuni akamkuta shemeji kwenye mafiga, macho mekundu kwa moshi, akiuliza kama maji ya kuongeza yawe ya moto au ya baridi. Alicheka sana. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu naye, akaanza kumfundisha.