Kodi ya Mwenye Mshahara Mdogo

Kila mwaka, mwezi wa Juni, Bunge likaapo Dodoma kusikiliza makadirio ya mapato na matumizi ya serikali, huzuka tena maneno ya kodi, na baadhi ya maneno hayo yagusa dhamiri kuliko mfuko. Wako wasomi na watu wa biashara wasemao ya kwamba mzigo wa kodi ya mapato umewaelemea wachache, na kwamba yafaa hata mfanyakazi wa mshahara mdogo aongezewe sehemu yake. Maneno yao si ya kudharauliwa. Hospitali, wasema, ni ya wote. Barabara ni ya wote. Asiyechangia huiona mali ya serikali kuwa mali ya mwenyewe mwingine, na ikiibwa hageuzi hata shingo. Mwenye kutoa hudai hesabu. Tena waongeza ya kuwa kumsamehe mtu mzima kodi ni kumhesabu kama mtoto mezani kwa baba yake, ambaye hula bila kuulizwa neno.

Kabla ya kujibu, na tuweke wazi jambo ambalo Kanisa halina shaka nalo. Kulipa kodi ya haki ni wajibu wa dhamiri, wala si hofu ya askari tu. Mtume Paulo aliwaandikia hivyo Wakristo wa Roma, ambao mtawala wao hakuwa Mkristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliwalaumu wale wanaozikwepa kodi za haki kwa hila. Mfanyabiashara Mkatoliki awekaye vitabu viwili vya hesabu, kimoja chake na kimoja cha mtoza kodi, asidhani kosa lake ni la ofisi ya mapato tu, lisilohusu kitubio. Basi, hatusemi hapa juu ya kukwepa. Twauliza sheria yenyewe yapasa kumdai nani, na kwa kiasi gani.

Na tuutazame mfano wa nchini mwetu. Mwaka 2020 sheria iliweka ya kwamba mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi usitozwe kodi ya mapato. Na mwaka 2021 kiwango cha kwanza juu ya mpaka huo kikashushwa kutoka asilimia 9 hadi asilimia 8. Yote mawili yalikuwa mema. Kisha, kuanzia Julai 2025, kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000. Hilo nalo ni jambo la shukrani. Lakini mshahara ulipopanda, mpaka ule wa 270,000 ulibaki mahali pake. Tukiacha kando mchango wa pensheni, mtumishi wa kima cha chini aliyekuwa akikatwa shilingi 8,000 kwa mwezi akaanza kukatwa shilingi 18,400. Mshahara wake umeongezeka kwa theluthi na kidogo. Kodi yake imezidi maradufu. Hatusemi kwamba amepata hasara, kwani kilichobaki mkononi mwake ni kikubwa kuliko cha zamani. Twasema hivi tu: wale watakao mwenye mshahara mdogo aongezewe kodi wamekwisha kuongezewa, tena bila mbunge hata mmoja kulazimika kusimama na kulitetea jambo hilo mbele ya waliomchagua.

Na hiyo ndiyo kodi ionekanayo katika karatasi ya mshahara. Iko nyingine isiyoonekana. Mfanyakazi anunuapo kipande cha sabuni, ndani ya bei yake imo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ile ile alipayo mwenye gari mbili. Apandapo daladala, tozo za mafuta zimo katika nauli. Anunuapo salio la simu ili kumwuliza mama yake habari za kijijini, hapo pia serikali imo. Na tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hutozwa pamoja na umeme wa LUKU. Basi mara nyingi mpangaji wa chumba kimoja ndiye aitoaye, na mwenye nyumba hasemi kitu. Hata mama muuza vitumbua, asiye na mwajiri wala karatasi ya mshahara, hutoa kodi kila siku ya Mungu, wala hakuna amwandikiaye risiti yenye jina lake. Huyo asiyechangia, ambaye twaambiwa hulala usingizi mali ya umma iibwapo, sisi hatujakutana naye bado.

Lakini hata kama angekuwapo, lingebaki swali kubwa zaidi: ni kitu gani hasa kinachoweza kudaiwa kodi? Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha ya kuwa ujira lazima utoshe kumweka hai mfanyakazi mwenye maisha ya kiasi, wala mapatano ya mwajiri na mwajiriwa hayawezi kuifuta haki hiyo. Papa Yohane XXIII akaandika mwaka 1961 kwamba mizigo ya kodi yapaswa kulingana na uwezo wa walipaji. Neno hilo, uwezo, husomwa upesi mno. Wengi hudhani uwezo ni tarakimu iliyoandikwa katika mkataba wa kazi. Uwezo ni kile kibakicho baada ya watu wa nyumba kula, kuvaa, kulala penye paa na kutibiwa. Kabla ya hapo, fedha ile ni mali ya mkewe na wanawe, naye ameishika tu.

Apatae shilingi milioni 5 kwa mwezi hulipa, kwa hesabu ile ile, shilingi 1,328,000. Ni mara 72 ya kodi ya mwenzake, naye husema, si kwa uongo, ya kuwa ndiye abebaye nchi. Twamshukuru. Lakini akiisha kulipa amebakiwa na zaidi ya milioni 3 na nusu, na nyumbani kwake hakuna mtoto aliyekosa daftari kwa ajili ya kodi ile. Zile 18,400 za mwenzake ni unga, au viatu vya shule, au dawa. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha ya kwamba, isipokuwa kwa sababu kubwa sana, mtu hapaswi kutoa sadaka katika kile ambacho bila hicho yeye na wamtegemeao hawawezi kuishi. Ikiwa mapendo yenyewe, ambayo ni makuu kuliko sheria yo yote ya Bunge, husimama mlangoni hapo, mtoza kodi ataingia kwa idhini ya nani?

Na hapa yatupasa kusema neno ambalo halisemwi vya kutosha. Kodi yetu ya mishahara haiulizi mtu ana watoto wangapi. Baba mwenye watoto sita na mama mzazi anayemlea, na kijana asiye na mke alaye kwa wazazi wake, wakiwa na mshahara mmoja hukatwa sawasawa. Nchi inayosifu familia kuwa msingi wa taifa ingalifaa kuihesabu familia hiyo pale penye fedha.

Wengine watatuletea habari ya mjane wa Injili, aliyetia hazinani senti zake mbili akasifiwa na Bwana. Na waisome habari yote. Katika mstari uliotangulia, Bwana alikuwa akiwakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mjane yule alitoa kwa hiari. Hapakuwa na karani aliyemkadiria. Torati, kweli, iliijua sadaka moja ya kiasi sawa kwa tajiri na maskini, nusu shekeli, kwa maana mbele ya Mungu roho za watu zina thamani moja. Lakini ilikuwa ndogo, nayo iliwekwa kuwa alama. Mahali pengine sheria ile ile ilimwambia mama asiyeweza kununua mwana-kondoo alete ndege wawili. Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu walipompeleka Mtoto Yesu hekaluni, ndiyo sadaka ya maskini waliyotoa, wala hakuna aliyewaambia wamepungukiwa na heshima ya kuwa Waisraeli.

Sisi pia twaijua kodi ya kiasi kimoja kwa watu wasiolingana. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho. Manung'uniko ya kodi na ya pamba ya kulazimishwa yalikuwa miongoni mwa yaliyowasha vita ya Maji Maji mwaka 1905. Na wazee wanakumbuka kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003, jinsi wanaume wenye akili zao walivyoondoka nyumbani alfajiri kuwakimbia mgambo. Hao hawakujifunza kuipenda serikali kwa kuchangia.

Twawataka wabunge wetu, basi, waandike katika sheria ya kwamba siku kima cha chini kipandishwapo, mpaka wa kodi nao upande siku hiyo hiyo, na kwamba wategemezi wahesabiwe. Upungufu wa hazina utafutwe kwanza katika zile hesabu za vitabu viwili.

Na kwa kuwa gazeti hili husomwa na waamini kuliko mawaziri, tuseme na lililo ndani ya uzio wetu. Katika parokia nyingi mchango wa ujenzi hupangwa kwa familia, kiasi kimoja kwa kila nyumba ya jumuiya: nyumba ya mganga mkuu na nyumba ya mlinzi wake. Mahali pengine majina ya waliopungukiwa husomwa baada ya Misa. Mlinzi yule, akisikia jina lake mara mbili, mara ya tatu haji tena jumuiyani, na husemwa ya kuwa imani yake imepoa. Halmashauri za parokia zingeweza kuanza Jumapili hii: kila familia imtajie mwenyekiti wa jumuiya, kwa faragha, kiasi iwezacho, na daftari lile lisisomwe hadharani.