Ramadhani 17: Kitwitwi Aliyeitishia Bahari



Alhamdulillah, Allah ametufikisha siku ya 17. Leo ni siku ya Badr, na bila shaka simu yako imeshapokea jumbe kadhaa tangu daku zenye habari za panga na farasi. Huko tutafika. Lakini leo niruhusu nianze na ndege.

Kipo kitabu kiitwacho Kalila wa Dimna. Abdallah ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8 miladia akikitoa kwenye lugha ya Waajemi wa kale, nao Waajemi walikuwa wamekitoa Uhindi. Humo wanyama ndio wasemao. Na usiseme "huyu naye, Ramadhani yote hii anatuletea hadithi za watoto." Qur'ani yenyewe, katika Suratun Naml, imetusimulia habari za chungu aliyeliona jeshi la Nabii Sulayman (a.s.) linakuja akawaambia wenzake waingie mashimoni wasije wakakanyagwa. Muangalie chungu yule. Hakusimama njiani akapanua kifua. Aliona hatari, akaiita hatari, akawaokoa jamaa zake. Na Nabii wa Allah alitabasamu kwa maneno yake.

Sasa turudi kwa ndege wetu. Waarabu wanamwita titawa, na sisi wa pwani tunaye mfano wake, kitwitwi, yule mdogo wa miguu miembamba anayekimbiakimbia mchangani maji yakitoka. Aliishi ufukweni na mkewe. Siku za kutaga zilipokaribia, mke akasema: mume wangu, tutafute mahali pa juu, maji yakijaa nachelea wakili wa bahari atatuchukulia watoto. Mume akajibu: taga hapa hapa, mahali pazuri, chakula karibu. Mke akarudia. Mume akasema wakili wa bahari hathubutu. Yaani yeye, ndege wa kuenea kiganjani, bahari ndiyo imwogope! Mke akamwambia, hebu jitazame mwenyewe, ujue kiasi chako. Umesahau jinsi alivyokutishia? Bwana akakataa katakata.

Mke hakuchoka. Akampa mfano wa kobe ambaye bwawa lake lilikauka, akaomba mabata wawili wambebe. Wakamwambia auume mti katikati kwa meno, wao washike ncha mbili, na sharti ni moja tu, asifungue mdomo. Wakaruka naye. Watu chini wakashangaa kumuona kobe angani. Yeye alitakiwa kunyamaza tu, safari imalizike. Wapi! Akafungua mdomo awajibu. Wengine mnaijua ilivyoishia.

Mume akasikia mfano wote, akasema nimekuelewa, ila usiogope. Mke akataga palepale. Maji yakajaa, na makinda yakachukuliwa.

Hapa ndipo napataka ukae kidogo. Aliyelipa si aliyejigamba. Kitwitwi dume alikuwa na mbawa. Maji yalipopanda yeye aliruka. Waliokwenda na maji ni wale wasiokuwa na mbawa bado, ambao hawakusema neno lolote, na mama yao aliyeonya mara tatu akabaki anatazama. Mara nyingi ubabe wa mtu mzima hulipwa na mtoto. Baba anayesema "mimi dereva wa miaka mingi, mto huu nauvuka" huku maji yamefunika daraja, hayumo peke yake ndani ya gari. Nahodha anayeambiwa upepo si mzuri leo akacheka, nyuma yake kuna abiria na mizigo ya watu. Na kijana wa bodaboda anayekimbizana na adhana ya magharibi, amebeba mama wa watu na mfuko wa tende. Ndugu yangu, ukichelewa futari kwa dakika kumi hujapungukiwa na kitu. Funguo la maji lipo hata kwenye chupa pembeni mwa barabara.

Mwisho wa kisa una jambo. Kitwitwi hakuwarudisha watoto kwa kifua chake. Aliwaendea ndege wenzake, ndege wakamwendea Anqa, mkubwa wao, wakamlilia, naye akaingilia kati hadi wakili wa bahari akaogopa akawarudisha. Kumbe njia ya kuomba msaada ilikuwepo tangu mwanzo. Ila alipita kwanza kwenye majigambo, ndiyo akafika kwenye unyenyekevu akiwa amevunjika.

Mwenye kukisimulia kisa hiki ndani ya kitabu ni Dimna, na Dimna ni mbweha mfitini, mwongo wa kutupwa. Je, tumkatae? Mtume (s.a.w.) alimweka Abu Hurayra (r.a.) kulinda zaka ya Ramadhani, akaja mwizi usiku mara tatu, na mara ya mwisho akamfundisha Ayatul Kursiyyu ili aachiwe. Mtume akamjulisha kwamba safari hiyo alisema kweli japokuwa ni mwongo, na kwamba alikuwa shetani. Basi neno la kweli lichukue, na msemaji umjue.

Tuje Badr sasa, mwaka wa 2 hijria. Makureshi walitoka Makka kuuokoa msafara wa Abu Sufyan. Msafara ukaokoka, ukapita njia ya pwani, na Abu Sufyan akawatumia ujumbe: mali yenu salama, rudini. Sababu ya vita imekwisha, si ndiyo? Wapo waliorudi, Banu Zuhra, wakasalimika. Abu Jahl akaapa kwamba harudi mtu mpaka wafike Badr, wakae siku tatu, wachinje ngamia, wanywe, waimbiwe, ili Waarabu wote wasikie na wawaogope daima. Kwa hiyo waliendelea kwa ajili ya *sifa* tu. Takriban watu elfu moja walikwenda kupigana na mia tatu na kitu kwa sababu mtu mmoja alitaka kusikika. Soma Suratul Anfal aya ya 47 uone Allah alivyotukataza kuwa kama wale waliotoka majumbani mwao kwa majivuno na kujionyesha kwa watu.

Kisha usome aya inayofuata, ya 48. Humo yumo shetani akiwapambia, akiwaahidi kwamba leo hakuna wa kuwashinda na kwamba yeye yuko upande wao. Majeshi mawili yalipoonana, akageuka akakimbia, akisema anaona wasiyoyaona na anamwogopa Allah. Mafundi wa tafsiri wanasema aliwajia kwa sura ya Suraqa ibn Malik. Hiyo ndiyo kazi yake, ndugu zangu. Anakujaza upepo, anakusindikiza mpaka mlangoni pa hatari, halafu ukigeuka humuoni. Na wapo binadamu waliojifunza kwake: "Mwambie! Usikubali! Sisi tuko nyuma yako!" Ngoja askari afike.

Upande wa pili ulikuwaje? Usiku ule Mtume (s.a.w.), aliyeahidiwa ushindi na Mola wake, alikesha akiswali na kuomba kwa unyenyekevu, hata shuka ikamdondoka mabegani na Abu Bakr (r.a.) akamrudishia. Hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya kujiamini siku hiyo kuliko yeye, na hakuna aliyenyenyekea zaidi.

Wala tusidhani majigambo ni ugonjwa wa makafiri peke yao. Miaka sita baadaye, mwaka wa 8, Waislamu walitoka kwenda Hunayn wakiwa elfu kumi na mbili, na wapo walioona kwamba kwa wingi ule hawashindiki. Suratut Tawba aya ya 25 inaeleza: wingi wao uliwapendeza, haukuwafaa kitu, ardhi ikawabana pamoja na upana wake, wakageuza migongo. Mia tatu walisimama, maelfu wakatawanyika, mpaka Allah alipoteremsha utulivu wake.

Kuna kisa kingine, cha Wagiriki hiki, cha mwanambuzi aliyepanda juu ya paa. Mbwa mwitu akapita chini, mwanambuzi akamtukana atakavyo. Mbwa mwitu akamjibu kwamba si yeye anayemtukana, ni lile paa. Paa la siku hizi ni simu. Mtu kwenye kundi anaandika kama Antar bin Shaddad, ana kwa ana hata salamu anaitoa kwa shida. Suratul Ahzab aya ya 19 imewachora watu wa namna hii vizuri sana: ikija hofu macho yanawazunguka kama mtu anayezimia kwa mauti, hofu ikiondoka wanawashambulia wenzao kwa ndimi kali.

Sisemi muwe waoga. Wazee wetu waliposema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, hawakumaanisha tujifiche uvunguni. Siku ya Uhud Mtume (s.a.w.) alishika upanga akauliza nani atauchukua, mikono mingi ikanyooshwa. Akauliza nani atauchukua *kwa haki yake*, watu wakasita. Abu Dujana (r.a.) akauchukua kwa haki yake, na akaitimiza. Na ni Mtume huyohuyo aliyetufundisha tusitamani kukutana na adui, tumuombe Allah afya na usalama, ila tukikutana naye tusubiri, tuwe imara. Utaratibu ndio huo.

Sasa nimalizie kwa jambo lililonifanya niandike yote haya, maana Ramadhani bado siku kumi na zaidi kidogo na mtu anaweza kupoteza roho.

Miongoni mwetu wapo wenye kisukari, na wengine wanatumia sindano ya insulini. Daktari amewaambia wasifunge, au wafunge kwa masharti, nao wanasema: "Mimi nimefunga tangu mtoto, sukari hainiwezi." Mzee wangu, mama yangu, hayo ndiyo maneno ya kitwitwi. Sukari ikishuka haiulizi umefunga miaka mingapi. Ukiona jasho la ghafla, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, kichwa kinachanganyikiwa, pima. Ikiwa chini ya 3.9 (au 70 kwa vipimo vya namba kubwa), fungua papo hapo, hata ikiwa imebaki robo saa adhana iite. Ikipanda kupita 16.6, au 300, vilevile fungua na utafute daktari. Wala usiogope kupima. Wanazuoni wengi wa zama zetu wamesema kujitoboa kidole kwa tone la damu hakubatilishi swaumu. Na usijipunguzie dawa kwa akili yako, muulize aliyekuandikia.

Ruhusa hii si ya binadamu. Imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Na katika safari ya kuikomboa Makka, Ramadhani ya mwaka wa 8, Mtume (s.a.w.) alipoambiwa swaumu imewawia watu nzito, aliitisha chombo cha maji, akakiinua juu watu wote waone, akanywa. Kisha akaletewa habari kwamba wapo walioendelea kufunga. Imepokewa na Muslim kwamba aliwaita hao waasi, akarudia. Mgonjwa anayetarajiwa kupona atalipa siku zake baadaye. Ambaye ugonjwa wake hauponi, kwa kila siku atamlisha maskini mmoja. Swaumu yako haijapotea, imebadilika sura.

Kama unaye mgonjwa nyumbani ambaye hataki kusikia, msomee ujumbe huu leo kabla ya daku, kwa adabu, usimgombeze. Na kama mgonjwa ni wewe, na mkeo ameshakuonya mara mbili, usingoje ya tatu.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kwenye tarawehe inshallah.