Walioanguka, Je, Wapokewe Tena?

Tukisimuliwa habari za Wakristo wa kale, twapenda kusikia juu ya mashahidi, hata tukadhani ya kuwa wote walikuwa mashujaa. Sivyo. Wengi walianguka, na upanga uliporudi alani, Kanisa lilibaki na swali zito: hao tuwafanyeje?

Mwaka 250 Kaisari Decius wa Rumi aliwaamuru watu wa dola yake watoe dhabihu kwa miungu mbele ya wakuu waliowekwa kwa kazi hiyo. Aliyetii alipewa hati ya kushuhudia ya kuwa ametoa dhabihu na kuionja. Hati za namna hiyo zaidi ya 40 zimeonekana katika nchi ya Misri. Huko Carthage, katika nchi iitwayo sasa Tunisia, Wakristo wengi waliikimbilia madhabahu hata kabla ya kukamatwa. Wengine hawakutoa dhabihu, ila waliinunua hati kwa fedha, wakijifariji ya kuwa mikono yao ni safi. Wengine walikataa, wakafungwa na kuteswa. Askofu wao, Cyprian, alijificha, akaliongoza kundi kwa barua; na wako waliomlaumu kwa hayo.

Walioanguka wakaja mlangoni pa kanisa, wakitaka Chakula cha Bwana. Baadhi ya wale waliofungwa kwa ajili ya imani waliwapa barua za kuwaombea, na wako makasisi waliowapokea mara moja, pasipo toba. Kule Rumi, Novatian alisema kinyume: aliyekana asirudishwe kamwe katika ushirika. Akajitenga pamoja na wafuasi wake.

Hapa na tupime. Mwenye makovu aweza kuuliza, "Kama aliyekana ameketi leo pamoja nami, kana kwamba hakuna lililotokea, mimi niliteswa kwa sababu gani?" Neno hili si la kiburi tu. Walakini aliyeanguka naye aweza kujibu, "Mkiufunga mlango huu, Petro aliingia kwa mlango gani?" Nalo ni neno la kweli.

Mwaka 251 maaskofu wa Afrika walikutanika Carthage, wakakataa njia zote mbili. Walitaka kila neno lichunguzwe: aliyenunua hati si sawa na aliyetoa dhabihu, wala aliyeshindwa na mateso si sawa na aliyekwenda mbio kwa hiari. Waliotoa dhabihu walipewa muda mrefu wa kutubu, lakini mlango haukufungwa. Baadaye, mateso mapya yalipokaribia, waliwapokea wote waliodumu katika toba. Kwani askari apelekwaje vitani pasipo silaha? Naye Cyprian, aliyejificha zamani, alikatwa kichwa kwa ajili ya imani mwaka 258.

Basi, jambo hili latuhusu nini? Hati za Decius zimekwisha, lakini kununua amani kwa uongo hakujakwisha. Yuko aendaye kwa mganga usiku, na asubuhi huimba kanisani. Yuko atiaye sahihi neno asilolijua kuwa kweli, ili asipoteze kazi. Naye akijulikana na kutengwa, sisi twafanyaje? Mara nyingine twamrudisha upesi kwa kuwa ni ndugu yetu au ni mwenye mali; huko ni kumdharau, kana kwamba tendo lake na nafsi yake havina uzito. Mara nyingine twamwacha miaka mingi, wala hapana aendaye kubisha hodi kwake. Hapo twamhesabu kuwa amekufa, naye angali hai.

Toba ni njia, na njia haitembewi na mtu peke yake. Ninyi walimu na wazee wa usharika, mwayajua majina ya waliotengwa. Je, ni nani kati yenu aliyemtembelea mmoja wao mwezi huu, akaketi naye, akamsikiliza? Asiyekwenda asiseme ya kuwa yeye anaulinda utakatifu wa Kanisa. Huenda anailinda raha yake tu.