Ukuta wa Mpuliza Rangi: Hadhari, Hewa na Haki ya Jirani

Iwapo mtu anaruhusiwa kufanya kazi halali ambayo hewa yake inamdhuru yeye mwenyewe na wanaoishi karibu naye ni swali la kale katika fikihi, yaani elimu ya hukumu za matendo katika Uislamu, na wanazuoni walilijadili kwa mifano ya mabafu ya umma, mazizi na karakana za wahunzi karne nyingi kabla ya kompresa kubuniwa. Mjini Garissa nchini Kenya, ambako wakazi wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, swali hilo hurudi katika vibanda vya jua kali, yaani karakana za mafundi wadogo, ambamo mageti, vitanda vya chuma na bodi za magari hupigwa rangi ya kupuliza, ingawa ni nadra kuulizwa kwa lugha ya fikihi. Hujitokeza zaidi kama lalamiko la jirani kwamba nguo alizoanika zimeingia madoa, au kama kikohozi cha fundi ambacho wenzake wamekwisha kukizoea. Insha hii inashikilia kwamba mahali salama pa kupulizia rangi, pawe ni banda la kuingiza gari zima au sanduku la mezani la mtu anayepaka rangi mifano midogo ya ndege na malori, ni sharti la ruhusa yenyewe ya kazi hiyo, na kwamba sharti hilo lina vipimo vinavyoweza kukaguliwa.

Hukumu haiwezi kusimama kabla ya kujulikana ni nini hasa kinachotoka kwenye mdomo wa chombo. Hewa iliyoshindiliwa huivunja rangi kuwa matone; yaliyo makubwa hutua kwenye chuma au kuanguka chini, lakini yaliyo madogo kuliko mikroni 10, mikroni moja ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya milimita, hubaki yakielea na huvutwa pamoja na pumzi. Juu ya matone hayo kuna mvuke wa thina, ambayo mara nyingi huwa na toluini na zailini, na mvuke huo hauzuiwi na leso wala barakoa ya karatasi kwa kuwa hupita popote hewa ipitapo. Rangi za magari zinazochanganywa na kigumishi, kile ambacho mafundi hukiita hadena, zina hatari ya ziada, kwa sababu hadena hiyo hubeba isosianeti, kemikali inayojulikana sana kwa kusababisha pumu ya kazini. Mtu anaweza kuitumia kwa miaka bila kuona lolote, kisha mwili wake ukaikataa, na tangu hapo hata kiasi kidogo mno kikatosha kumbana kifua. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon nchini Ufaransa, liliiweka kazi ya upakaji rangi miongoni mwa mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu mwaka 1989. Rangi za maji hupunguza mvuke, na kwa hiyo ni nafuu ya kweli kwa mwenye kazi ndogo za mezani, ila matone yake huelea vilevile.

Hali ya hewa ya Garissa huongeza uzito wa jambo. Mji huu ulio kando ya Mto Tana ni wa joto na vumbi, na vumbi ndilo adui wa kwanza wa fundi wa rangi, kwa kuwa chembe moja ikitua kwenye rangi mbichi huacha kipele kinachoonekana na mteja hata gizani. Kwa hiyo fundi hushusha turubai, huziba nyufa za mabati kwa magunia na kufunga mlango ili kuilinda kazi, na kwa tendo lilo hilo hujifungia ndani na ukungu alioutengeneza mwenyewe. Joto nalo huharakisha thina kugeuka mvuke, na joto hilohilo ndilo linalomfanya aivue barakoa nzito ya mpira yenye makopo ya mkaa, ambayo ndiyo pekee kati ya barakoa za bei ya kawaida inayopunguza mvuke, nayo peke yake haitegemewi dhidi ya hadena bila hewa kubadilishwa. Ikumbukwe kuwa anayefanya hivyo hafanyi kwa uzembe. Amechagua kati ya ubora wa geti na usalama wa mapafu katika chumba ambacho hakikujengwa kwa ajili ya vyote viwili.

Imamu Nawawi, mwanazuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1277 katika kijiji cha Nawa huko Sham, ameligusa jambo hili katika Minhaj al-Talibin, kitabu cha fikihi ambacho kimesomeshwa kwa vizazi katika pwani ya Waswahili na miongoni mwa Wasomali. Katika mlango unaohusu kuhuisha ardhi isiyo na mwenyewe anaeleza kuwa kila mwenye mali huitumia kwa namna iliyozoeleka, na akivuka mazoea hayo hubeba dhamana, yaani wajibu wa kufidia alichokiharibu. Kisha anataja kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mtu anaweza kuigeuza nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa bafu la umma au zizi, na duka lake lililo kati ya wauza nguo kuwa la mhunzi, iwapo atachukua hadhari na kuziimarisha kuta. Wengi wanaoisoma hukumu hiyo husimama kwenye ruhusa, na kwa kweli madhehebu ya Shafii yana msimamo mpana kuhusu uhuru wa mwenye mali. Lakini uzito wa kauli umo katika sharti lake. Ukuta wa mhunzi ulikusudiwa kuzuia mtikisiko na cheche zisimfikie muuza nguo. Swali la Garissa ni ukuta upi unaozuia mvuke, kwani tofali halitoshi kwa kitu kinachotoka mlangoni.

Jibu la mafundi wa mambo haya ni ukuta wa hewa inayokwenda. Kipimo kinachotumika sana ni hewa kuingia kwenye mdomo wa kibanda kwa mwendo wa takriban nusu mita kwa sekunde, ili ukungu usirudi usoni mwa mpulizaji. Kwa sanduku la mezani lenye mdomo wa sentimita 60 kwa 40, hiyo ni mita za ujazo 0.12 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo zipatazo 430 kwa saa; kwa banda lenye uwazi wa mita 2 kwa 2 hesabu inafika mita za ujazo 2 kila sekunde, kazi ambayo feni ya dari haiwezi kuifanya, kwa kuwa feni hiyo huzungusha hewa chafu badala ya kuitoa. Mota ya feni inayovuta mvuke wa thina haifai kuwa ya aina inayotoa cheche, kwani mvuke huo huwaka, nao ni mzito kuliko hewa na hujikusanya chini. Hewa inayotolewa lazima ipate pa kuingilia, na hapo ndipo tatizo la vumbi hupata suluhisho lake: kichujio huwekwa kwenye njia ya kuingilia ili kilinde kazi, na kingine kwenye njia ya kutokea ili kikamate matone ya rangi.

Hata hivyo bomba la kutolea hewa nalo lina hukumu yake. Miongoni mwa kanuni ambazo wanazuoni wa Kishafii, akiwemo Jalaluddin al-Suyuti aliyefariki mwaka 1505, walizikusanya ni ile inayokataza madhara kuondolewa kwa madhara mfano wake. Fundi anayelielekeza bomba kwenye dirisha la jirani, au kwenye uchochoro wanamopita watoto wa chuo, ameokoa kifua chake kwa kifua cha mwingine, na kwa mujibu wa kanuni hiyo hajaondoa chochote. Ndiyo maana kichujio cha matone hakitoshi pale vibanda vinapobanana na nyumba. Bomba linapaswa kupanda juu ya paa na mbali na madirisha, au hewa ipitishwe kwenye mkaa maalumu unaonasa mvuke, mkaa ambao nao hushiba na kukoma kufanya kazi bila kutoa ishara yoyote ya nje.

Ugumu wa kifikihi unaobaki ni wa ushahidi. Majalla, mkusanyo wa sheria za Dola ya Uthmaniya uliotungwa kati ya 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, uliutaja moshi mwingi unaofanya nyumba isikalike kuwa ni madhara makubwa yanayopaswa kuondolewa. Kipimo hicho kinategemea macho na pua, na pua ni shahidi mbovu. Katika nyumba za Garissa uunsi, yaani ubani na manukato yanayofukizwa juu ya makaa ndani ya chetezo kiitwacho dabqaad, hujaza chumba moshi na mgeni akaupokea kama heshima, ilhali isosianeti inaweza kudhuru kabla ya kunusika. (Uunsi wenyewe, kwa haki, nao ni moshi, na mazoea hayaugeuzi kuwa hewa safi.) Mazoea ambayo Nawawi ameyafanya mizani yalikuwa ya kazi ambazo watu walizijua athari zake kwa uzoefu; pale uzoefu unaposhindwa kuona, fikihi yenyewe huelekeza kwa wajuzi wa fani, kama inavyomwelekeza kadhi kwa tabibu katika kesi ya jeraha.

Wapo watakaosema kwamba fundi ameridhia, na kwamba ajali na uzima viko mikononi mwa Mungu. Hoja ya pili ni dhaifu, kwa kuwa mafundisho mashuhuri yanayohusishwa na Mtume yanamtaka mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo ategemee, na hakuna asiyeyaelewa hayo katika mji wenye soko la mifugo kubwa kama la Garissa. Hoja ya ridhaa inahitaji uangalifu zaidi. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu nafsi kati ya mambo matano ambayo sheria imekusudia kuyahifadhi, na katika mtazamo huo mwili ni amana, kitu ambacho mshikaji wake hana ruhusa ya kukitoa apendavyo. Zaidi ya hayo, ridhaa ya mwanagenzi anayefundishwa kazi kwa kubeba ndoo na kukoroga hadena, akijua kuwa akilalamika nafasi yake itachukuliwa kesho, ni vigumu kuiita ridhaa.

Mgogoro wa namna hii hauendi kwa kadhi, kwa sababu Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imeifunga mahakama hiyo ndani ya mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Jirani anayo Ibara ya 42, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na mfanyakazi anayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayohusu kila mahali pa kazi, pa muda au pa kudumu, na hivyo haikiachi nje kibanda cha mabati. Kwamba hewa inaweza kushitakiwa lilionekana Owino Uhuru, Mombasa, ambako sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu iliwafikia wakazi, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 Julai 2020, ingawa rufaa zilirefusha mvutano huo. Lakini fidia hufuata ugonjwa, na hadhari ya Nawawi hutangulia kazi.

Kinachobaki ni nani alipe. Fikihi hufungamanisha faida na gharama, na mteja anayelipata geti kwa bei nafuu kwa sababu hakuna feni iliyohesabiwa ndani ya bei hiyo anafaidika na pumzi ya mtu mwingine. Kwa mafundi wadogo wasioweza kujenga kila mmoja banda lake, njia iliyo ndani ya mila za mji ni wakfu, yaani mali inayozuiliwa isiuzwe ili manufaa yake yaendelee: banda moja la pamoja, lililo upande ambao upepo hauelekei makazi, wenye kazi wakiingia kwa zamu. Washafii huruhusu wakfu wa vitu vinavyohamishika mradi vinatumika huku asili yake ikibaki, kwa hiyo banda, bomba na feni vinaingia humo bila utata. Vichujio na mkaa, ambavyo huisha kwa kutumiwa, haviingii, na lazima vilipiwe kwa ada ya kila anayepuliza, ada ambayo msimamizi wa wakfu atapaswa kuikusanya kabla kompresa haijawashwa.