Kabla Miguu Haijashika Njia ya Lutuku

Wanangu, ninasema na ninyi mlioacha lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Mmefanya kazi kubwa, na mji huu haukuwapongeza inavyostahili. Hapa Likasi mtu akiacha pombe, wenzake hukaa wakihesabu siku mpaka atakapoirudia. Kwa hiyo nawaonya mapema: mnaogopa chupa tu, nayo chupa huja mwisho. Kinachomrudisha mtu humwingia saa nyingi kabla, kifuani, wakati bado anaapa kwamba hatakunywa tena.

Jioni moja kijana wa jirani alipita kwangu akitoka Kamatanda kwenye machimbo. Mnunuzi alikuwa amempimia madini kwa kile kimashine cha kusoma kiwango, akamsomea namba ndogo kuliko aliyoitegemea. Hakugomba. Alipokea pesa, akazikunja, akaondoka. Nilipomsalimu akajibu, “Niko muzuri, tata,” lakini taya zake zilikuwa zimekaza, mkono unasugua zile noti mfukoni, na macho yake yalikwisha kutangulia kule wanakouza lutuku. Nikamwambia kaa kwanza, kula. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni. Alipomaliza bukari na sombe nikamuuliza kinachomuuma ni nini. “Hasira.” Nikanyamaza kidogo, nikamuuliza tena. Akainama, akasema alikuwa amemwahidi mke wake pesa za shule ya mtoto, na hajui ataingiaje nyumbani.

Basi ilikuwa haya, wala si hasira peke yake. Tofauti hiyo ni kubwa. Hasira ingempeleka kwa wachimbaji wenzake, watafute pa kupimisha tena. Haya ilimtaka aende nyumbani amwambie mke wake ukweli kabla jua halijazama. Lutuku isingefanya hata moja kati ya hayo. Ingekula zile pesa chache zilizobaki.

Msidhani haya ni maneno ya wazee tu. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwachunguza kwa miaka mingi watu waliorudia pombe, na katika kitabu alichokitoa pamoja na Judith Gordon mwaka 1985 alieleza kwamba wengi walirudi kwa sababu tatu: moyo ulioumia, ugomvi na mtu, au kusukumwa na marafiki. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake huko Los Angeles walionyesha kwamba mtu anapoitaja kwa jina hisia anayoiona, ile sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari hutulia. Na vikundi vya watu walioacha pombe vina maswali manne ambayo mtu hujiuliza tamaa inapomshika: nina njaa? nina hasira? niko peke yangu? nimechoka? Mchimbaji wa Jumamosi jioni anaweza kujibu ndiyo mara nne, halafu akashangaa kwa nini koo linamuwasha. Kula, lala, tafuta mtu wa kukaa naye, ndipo uamue jambo lolote.

Angalia pia siku za furaha. Wengi huwa macho wakati wa matanga na ugomvi, kisha huanguka siku madini yalipouzwa vizuri, wakati kila mtu anawaita ndugu. Moyo uliopanda juu nao unahitaji kuangaliwa.

Nitawaambia na jambo linaloniuma. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliwaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Baba hao walijua kazi ya viwanda vya Shituru na Panda tangu ujana wao, na ghafla hawakuwa na saa ya kuamkia. Niliwaona wakikaa uani kimya. Hakuna aliyewauliza mioyo yao ikoje, nao hawakusema, kwa sababu tulifundishwa kwamba mwanaume halii. Baadhi yao walinywa mpaka wakazikwa. Ninyi ni watoto wao, na ukimya ule mmeurithi pamoja na viwanja. Mimi siutaki uendelee.

Kwa hiyo kila mmoja wenu awe na mtu mmoja wa kuambiwa mambo kama yalivyo: dada, mama mkwe, mchungaji, mchimbaji mwenzake aliyeacha. Usimwambie “niko muzuri.” Mwambie, “Nimeaibika,” au “Namwonea fulani wivu,” au “Naogopa usiku.” Nanyi wake na mama wa walioacha, mkisikia maneno hayo msiyacheke, wala msiyarudishe siku ya ugomvi. Mwezi wa kwanza na wa pili aliyeacha atakasirika kwa jambo dogo na usingizi utakuwa haba; mwili bado unazoea.

Na kama una rafiki anayekunywa kila siku tangu asubuhi, usimwambie aache leo hii akiwa peke yake nyumbani. Mtu kama huyo akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, hata kushikwa na kifafa na kufa. Mpelekeni hospitali kwanza.

Aliyeanguka wiki hii aje kwangu leo, hata kama bado ananuka pombe. Tutakaa, tutarudi nyuma saa kwa saa mpaka tuione ile saa moyo wake ulipoanza kuwaka.