Ukuta wa Pili

Sisi tuliopanga kwenye ploti za Nairobi tunajua ukuta haufichi kitu. Jirani akikaanga vitunguu unajua, akigombana unajua, na spika za kesha la Ijumaa hazingoji umekaribisha nani. Ndiyo maana wengi wetu siku hizi tunavaa hedifoni na kufungulia ile milio mirefu isiyo na ngoma wala maneno, inayovuma tu saa nzima. Mimi pia huitumia nikisoma au nikitafuta usingizi, na kusema ukweli inasaidia. Sauti isiyobadilika haina habari mpya ya kuniambia, kwa hivyo akili huiachilia na kutulia.

Lakini kuna swali ambalo hunisumbua: nimepata utulivu, ama nimemfungia tu mtu mlango?

Tazama muziki huu ulivyoanza. Mwaka 1975 Brian Eno, mwanamuziki Mwingereza, alikuwa kitandani akiuguza majeraha baada ya kugongwa na gari. Rekodi ya kinubi ilikuwa ikicheza kwa sauti ya chini mno, naye hakuwa na nguvu za kuinuka kuiongeza. Akalala hivyo hivyo, muziki ukachanganyika na mvua ya nje. Hapo wazo likamjia la muziki unaokaa chumbani kama mwanga unavyokaa, na baadaye akatoa albamu ya Music for Airports. Sasa angalia: kile kinubi hakikuifukuza mvua. Vilisikika pamoja.

Hata KMRU, kijana mzaliwa wa Nairobi anayejulikana mbali kwa milio ya aina hii, hurekodi sauti za mahali na kuziingiza kwenye kazi zake. Hawa ni watu wa kusikiliza. Ni sisi tuliochukua milio yao tukajengea ukuta wa pili.

Na ukuta huo una gharama. Ule wa kwanza, kwa wembamba wake wote, ndio hutuambia mtoto wa jirani amelia kupita kawaida, au mama wa nyumba ya tatu anapigwa. Nani atabisha hodi kama ploti nzima imeziba masikio?

Utasema, na mwenye spika za kesha je? Yeye ana makosa yake, na mtu aliyechoka ana haki ya kupumzika. Anayekosa usingizi wiki nzima hana sikio la kumpa mwenzake. Kwa hivyo siachi milio yangu, ila nimejiwekea kipimo: iwe ya chini kiasi kwamba mtu akiita pale nje, nisikie. Utulivu ukiniwezesha kumsikiliza kwa subira, basi umenifaa. Ukinizoesha kutomsikia kabisa, hapo nimejifunza tu kuwa kiziwi, tena kwa hiari.